UZI: Unakuja Mbeya mara ya kwanza, ulale wapi? Soma kabla hujashushwa Uyole na begi lako

Kijukuu cha Loleza (mwenye uzi)

Wakuu habari za jioni, nawasalimia kutoka Iyela, kibaridi kimeshaanza kuuma huku na mwenzenu nimevaa koti ndani ya nyumba.

Nimeamua kufungua huu uzi maana nimechoka kurudia maneno. Kila wiki napigiwa simu na ndugu, na rafiki wa ndugu, na mtu aliyepewa namba yangu na mtu nisiyemjua, swali lile lile, "nakuja Mbeya sijawahi kufika, gesti nzuri ipo wapi?" Na mimi huwa nauliza kitu kimoja tu, kesho yake saa mbili asubuhi unatakiwa uwe wapi? Wengi wananuna kidogo, wao walitaka jina na bei wakate simu.

Sasa nielezeni nyie mnaoijua, hili jiji si refu? Mbeya haijakaa duara. Imejilaza kando ya barabara kuu hii ya Dar kwenda Tunduma na Zambia. Ukitokea upande wa Dar unaanza Uyole, unakuja Nane Nane, Ilomba, Soweto, Mwanjelwa na Kabwe yake, Mafiati, halafu mjini kwenyewe unapandisha kuelekea mlima Loleza, na barabara kuu inaendelea zake Iyunga, Iwambi, mpaka Mbalizi na mbele yake uwanja wa ndege wa Songwe. Kote huko ukimpigia mtu simu atakwambia "niko Mbeya" na hajadanganya. Mgeni anasikia Mbeya anadhani ni sehemu moja.

Mimi yalinikuta 2015. Natoka Ludewa, nimeitwa usaili kiwandani Iyunga, Jumanne saa mbili asubuhi. Jumatatu nikatoka alfajiri, Njombe nikabadilisha gari, tunaingia huku giza limeshatanda na mimi usingizi umenishika, nikasikia konda anagonga bodi "Mbeya hiyo Mbeya hiyo, wa Mbeya tushukeni". Nikashuka. Lile gari lilikuwa la Kyela, linakunja kushoto pale Uyole linaenda zake, kwahiyo konda wa watu alikuwa sahihi kabisa, mimi ndio sikuuliza. Nikaona kibao cha gesti upande wa pili wa barabara, elfu kumi, nikasema Mungu si Athumani. Chini kulikuwa na baa. Muziki mpaka saa nane usiku, spika nadhani walikuwa wameielekezea kwenye dari maana kitanda kilikuwa kinatetemeka, na kila baada ya muda mtu anapita koridoni anagonga mlango wa jirani. Sijui nililala saa ngapi.

Asubuhi namuuliza mhudumu Iyunga ni wapi, akaniangalia kama nimemuuliza Lusaka. Akasema "kaka Iyunga ni kule mwisho kabisa, unavuka jiji lote". Nikapanda daladala, inajaza, inashusha, inajaza, Mwanjelwa foleni, nafika getini saa tatu kasoro. Mlinzi akanitazama viatu, akatazama saa, akasema wenzako wameshaingia. Basi. Nilirudi kwa miguu mpaka Mafiati nikiwa sitaki hata kukaa kwenye gari.

Kwahiyo ushauri wangu ni huu hapa, usianze na bei wala picha, anza na asubuhi yako. Ukishajua asubuhi yako iko upande gani, lala upande huo huo wa jiji, hata kama chumba ni elfu tano zaidi. Na sasa hivi na huu ujenzi wa njia nne kutoka Nsalaga mpaka Ifisi, kilomita 29 zinazopita katikati ya kila kitu, ndio usithubutu kulala upande mmoja na shughuli iko upande mwingine.

Karibuni, wenyeji mniongezee, wageni mniulize.

---

Mtoto wa Kinondoni

Mkuu uzi mzuri ila umeongea kizamani, siku hizi mtu anaingia kwenye app anaona picha, anaona maoni ya watu, anabuki anamaliza. Mimi nakuja wiki ijayo kikazi nimeshapata sehemu ina picha kali, bei poa, imeandikwa "Mbeya mjini". Basi langu linatoka Dar mchana, nafika usiku wa manane najitupa kitandani.

---

Kijukuu cha Loleza

Kaka karibu sana jijini. Mambo mawili tu.

La kwanza hiyo "mjini". Fungua ramani utazame pini imechomekwa wapi, kisha wapigie simu uwaulize, nikishuka kwenye basi hapo kwenu nitajuaje nimefika, kuna sheli gani, kuna shule gani, kuna kanisa gani? Mwenyeji halisi hawezi kushindwa kukutajia kanisa Mbeya hii. Akianza kusema "wewe ukifika tupigie tu" ujue uko mbali na mji au kuna kona ya bodaboda hapo katikati. Mimi ndugu yangu alibuki "mjini" akajikuta Mbalizi. Mbalizi ni pazuri, sina ugomvi nako, kama unawahi ndege Songwe au unaenda Tunduma alfajiri ndio pa kulala kabisa, ila yeye shughuli yake ilikuwa Uyole 😂

La pili hilo la usiku wa manane. Tangu mabasi yaruhusiwe tena kutembea usiku 2023 watu wengi wanaingia huku saa nane, saa tisa usiku, na hapo ndipo kuna mtego wageni hawaujui. Ukiingia gesti saa tisa usiku ukalipa, wengi wanahesabu umelipa usiku ule unaokwisha. Saa nne asubuhi wanakugongea mlango, "kaka muda wa chumba umeisha, unaendelea?" Yaani umelipa siku nzima umelala masaa saba. Ongea nao mapema kwa simu, waambie naingia saa tisa usiku nataka mnihesabie mpaka kesho kutwa saa nne. Wapo wanaokubali, wapo wanaokupunguzia nusu, wapo wanaokataa. Wanaokataa heri uwajue ukiwa bado Dar.

---

Msafwa Halisi

Mwenye uzi nakuunga mkono kasoro kitu kimoja, umetaja maeneo yote umeshindwa kuwaambia watu ukweli kwamba mgeni alale mjini, basi. Mjini kumepangika, barabara zina miti, ukiamka unaona Loleza hiyo hapo mbele, benki ziko karibu, ofisi za serikali karibu, uwanja wa Sokoine karibu, ukitaka chai unatembea. Nyie wa Mwanjelwa mnataka mtu aamke anakanyaga nyanya.

---

Kijukuu cha Loleza

Msafwa nilijua tu utakuja 😄 Sasa mzee wangu, mjini saa mbili usiku kukoje? Si kumeshanyamaza kama kuna msiba? Mgeni ameshuka ana njaa, anatembea anatafuta chakula, anakutana na walinzi wamejikunyata kwenye blanketi. Mwanjelwa muda huo ndio kwanza chipsi zinaingia kwenye mafuta. Kwa mtu mgeni asiyejua pa kula, hilo nalo si dogo.

---

Msafwa Halisi

Ndio maana kuna kula mapema. Anayekula saa tatu usiku ni mlinzi na mgonjwa.

Halafu Mwanjelwa hiyo hiyo ukilala karibu na soko, saa kumi alfajiri fuso za viazi na ndizi zinaanza kurudi nyuma, pii pii pii, na vijana wa kushusha wanaongea kama wako uwanjani. Mwambie na hayo.

---

Kijukuu cha Loleza

Hilo nakubali bila ubishi. Mwanjelwa lala mtaa wa pili au wa tatu kutoka barabarani, usilale usoni pa soko. Ila mfanyabiashara anayekuja kuchukua mchele au parachichi au kutafuta spea, huyo akilala mjini anajitesa, soko linaanza yeye bado anasubiri gari.

---

Dada wa Mapokezi

Samahani jamani naomba nichangie, mimi nimekaa mapokezi kwenye gesti hapa Mbeya miaka minne kabla sijafungua kibanda changu, sitaitaja. Niwaambie tu vitu ambavyo mgeni haulizi na sisi hatusemi.

Mtu akipiga simu kuuliza "mna vyumba vya selfu?" jibu ni ndiyo. Akiuliza "mna maji ya moto?" jibu ni ndiyo. Hapo hatujadanganya, maji ya moto yapo, ila huyo mtu hajauliza yanatoka wapi. Kuna maji ya moto ya hita ya bombani, na kuna maji ya moto ya ndoo yaliyochemshwa kwenye jiko huko nyuma na unaletewa mlangoni saa kumi na mbili, ukichelewa kuamka yanakusubiri hapo mpaka yanakuwa ya baridi. Huku kwetu mwezi wa sita wa saba tofauti ya hivyo viwili ni kubwa kuliko tofauti ya elfu kumi na elfu ishirini. Na binafsi ndoo naipenda, maana umeme ukikatika ndoo haijui.

Hizo hita nazo, zile za kumwagia zenye kitaa chekundu juu ya kichwa, ukigusa bomba ukasikia kama sisimizi wanatembea mkononi toka, kausha mwili, njoo mapokezi useme. Usiendelee kuoga unasema "ni kidogo tu". Waya wa ardhini haujafungwa vizuri hapo. Tulikuwa na chumba kimoja kila mgeni analalamika, bosi anasema wageni wana mwili laini. Na siku zote oga na ndala miguuni.

Halafu vyumba havifanani japo bei ni moja. Anayekuja bila kuuliza anapewa cha karibu na geti au cha chini ya tanki, maana vile vizuri tunawawekea wateja wanaorudi. Wewe sema tu kwa upole "dada naomba cha nyuma, mbali na geti", utapewa. Ukiingia kabla hujalipa, funga mlango kwa ndani. Kitasa peke yake hakitoshi maana funguo za kitasa zina ndugu zake mapokezi, tazama kama kuna komeo la ndani. Tazama dirisha linafunga. Vuta blanketi unuse. Mimi mgeni akinusa blanketi nilikuwa namheshimu, najua huyu ametembea.

Na kitabu cha wageni msikikasirikie, jina, kabila, unatoka wapi, unaenda wapi, kazi yako, namba ya kitambulisho. Hatuwapelelezi, polisi wanakuja kukikagua. Kuna mgeni mmoja kwenye "kazi" aliandika "inakuhusu nini". Polisi alicheka sana.

---

Kijukuu cha Loleza

Dada ubarikiwe, huu uzi ungekuwa wako. Hilo la kunusa blanketi naanza leo.

---

Mwali wa Tandala

Shikamooni wakubwa zangu. Naomba msaada, mimi natoka Makete, mama yangu amepewa barua ya kwenda Rufaa Mbeya, kliniki ni Jumatano asubuhi, nataka tufike Jumanne tulale. Mama goti linamsumbua hawezi kutembea sana wala ngazi. Mtu mmoja kanisani kaniambia tafuta gesti Meta ndio hospitali ilipo. Mbeya sijawahi kulala, napita tu kwenda Dar. Ni sawa hapo Meta?

---

Kijukuu cha Loleza

Marahaba mdogo wangu, pole na mama. Umefanya vizuri kuuliza kabla.

Chukua hiyo barua uisome juu kabisa, imeandikwa Hospitali ya Rufaa ya Kanda au Hospitali ya Rufaa ya Mkoa? Usiniambie "Rufaa" tu. Hapa Mbeya watu wanasema Rufaa kwa mdomo na kuna hospitali mbili zenye hilo neno. Ya Kanda ndiyo ile kubwa inayopokea watu wa Nyanda za Juu Kusini wote, kutoka kwenu Njombe, Rukwa, Katavi, Songwe, kote. Ya Mkoa ni nyingine, pengine kabisa. Na hiyo Meta uliyoambiwa ni ya Kanda hiyo hiyo lakini ni upande wa wazazi, akina mama wajawazito na watoto wachanga, majengo yake yako sehemu yake, si pamoja na hospitali kubwa. Kama mama shida ni goti, Meta hamna kitu mtafanya hapo. Nimeona watu wanafika Meta saa moja asubuhi na mgonjwa wa macho, wanaambiwa siyo hapa, wanaanza kutafuta bajaji huku namba za foleni kule zinatembea.

---

Mwali wa Tandala

Nimeangalia kaka, imeandikwa Rufaa ya Kanda. Asante sana, ningempeleka mama wodi ya wazazi 😅

---

Dada wa Mapokezi

Mdogo wangu kwa mama mwenye goti, usikubali kupandishwa ghorofani kwa kuambiwa "ni ngazi chache tu". Uliza chumba cha chini. Uliza na choo ni cha kukaa au cha kuchuchumaa, hilo watu wanaona aibu kuuliza na ndilo litakalomtesa mama usiku. Na uliza kama bajaji inaingia mpaka ndani ya geti.

Mitaa ya karibu na hospitali vyumba vipo, wamezoea wagonjwa, ukiwaambia unahudumia mgonjwa hata uji utapikiwa. Pia hosteli za makanisa zinakuwa tulivu na hazina baa, nyingi geti wanafunga mapema, kwa nyie hilo ni zuri.

---

Msafwa Halisi

Na hapo mwenye uzi umeona, hospitali iko wapi? MJINI. Nilisema.

---

Kijukuu cha Loleza

Sawa mzee, moja bila. Mwali, jambo lingine, gari za kwenu Makete zinazopitia Kitulo zinatokezea Isyonje, kwenye barabara ya Tukuyu, kisha Uyole. Msishuke Uyole eti mmefika kama nilivyofanya mimi. Muulize konda gari linaishia wapi, Nane Nane au linafika mpaka mjini, kisha ndio umpange bajaji. Na bei ya bajaji patana kabla mama hajakaa, akishakaa na goti lile dereva anajua hamuwezi kushuka.

---

Ipogolo Kwa Juu

Wakuu wa Mbeya mnajisifia urefu, njoo Iringa uone mji uliopanda ngazi. Barabara kuu inapita chini Ipogolo, stendi kubwa ya mikoani iko huko chini Igumbilo, mji wenyewe uko juu mlimani. Mgeni anashuka stendi anaangalia huku na huku anasema Iringa ndogo hivi? Anatafuta gesti hapo hapo, asubuhi anagundua kila anachokitaka kiko juu. Kwahiyo na sisi swali ni lile lile, kesho una shughuli juu au unaendelea na safari? Kama unaendelea lala chini. Kama unaenda Ruaha hifadhini au una kazi mjini, panda juu usiku huo huo.

---

Mtoto wa Kinondoni

Mkuu nimewapigia wale wenye picha kali. Nimeuliza kanisa. Amesema "kuna makanisa mengi". Nimeuliza maji ya moto yanatoka wapi akakata simu 😂😂 Nimetafuta kwingine. Kazi yangu ni MUST, kile chuo kikuu cha sayansi na teknolojia, nina semina siku tatu.

---

Kijukuu cha Loleza

😂😂 Umefuzu. MUST iko Ikuti, upande wa Iyunga, kwahiyo Uyole na Nane Nane futa kabisa. Tafuta Iyunga yenyewe au Mafiati, hapo asubuhi unasafiri kuelekea kule wakati umati unakuja huku. Wenzako wa Mzumbe wana tawi lao Forest na TEKU wako Block T, ndio maana nasema ukiambiwa "chuo" uliza chuo kipi. Na beba sweta, sio koti la suti, SWETA. Tuko kama mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, watu wa Kinondoni wanakuja na tisheti mwezi wa saba wanarudi na kikohozi wanasema wamelogwa.

---

Mzururaji

Mimi sina hospitali wala semina, nataka kuona ziwa Ngozi, Daraja la Mungu na Kijungu halafu nimalizie Matema. Nilale wapi?

---

Kijukuu cha Loleza

Wewe jiji la nini? Vyote hivyo viko barabara ya Tukuyu na Kyela. Lala usiku mmoja Uyole ukifika jioni, asubuhi unakunja, Ngozi unaanzia Isongole hapo karibu tu, halafu usirudi, nenda kalale Tukuyu. Tukuyu inanyesha, beba na mwavuli. Uyole na mimi tumeshasameheana.

---

Dada wa Mapokezi

Nikumbushe tu jamani, wiki ya kwanza ya Agosti maonyesho ya Nane Nane, viwanja vya John Mwakangale, watu wanatoka kanda nzima, vyumba vinajaa kuanzia Uyole mpaka Mwanjelwa na bei zinapanda bila haya. Hivyo hivyo Simba au Yanga wakija Sokoine, huko mjini kwa Msafwa mnalala kwenye magari. Kipindi hicho tuma pesa ya nusu mapema, na uandikiwe jina kwenye kitabu, usikubali "tumekuwekea" ya mdomo. Mimi mwenyewe nimeshasema "tumekuwekea" mara nyingi.

---

Msafwa Halisi

Dada leo umeamua kutubu hadharani.

---

Mwali wa Tandala

Shikamooni tena, nimerudi kuwapa mrejesho maana mlinisaidia mno.

Tulifika Jumanne saa tisa alasiri. Konda alitaka tushuke Uyole, nikamwambia sisi tunaenda mpaka mwisho, akanuna ila tukafika. Bajaji alitaja elfu kumi nikabaki nimesimama na mama ameegemea mkono wangu, akashuka mpaka elfu sita. Gesti ya kwanza niliyopigia simu walisema chumba cha chini kipo, tumefika tunaambiwa kimechukuliwa muda si mrefu, kuna cha juu. Nikatoka. Dada wa watu akaniita kutoka getini "rudi basi rudi", eti amekumbuka kuna kingine cha chini. Kilikuwa cha nyuma, mbali na geti, elfu ishirini na tano, choo cha kukaa. Mama nikamwambia anuse blanketi, akanusa, akasema hili limelaliwa na mtu wa moshi wa kuni. Tukabadilishiwa, tukapewa mawili.

Usiku umeme ulikatika kweli, asubuhi nikaomba ndoo, dada akaleta saa kumi na mbili kasoro yanafuka. Mama akaoga akasema maji haya hata Makete hajapata. Hospitali tulifika saa moja kasoro, bajaji dakika chache tu, tukapata namba ya kumi na moja. Wakati tunasubiri kuna baba mmoja amefika na mwanae saa tatu, jasho linamtoka na baridi yote ile, anasema wamelala Nane Nane foleni imewashika. Nikamuonea huruma nikamsogezea benchi.

Daktari amesema tena wiki mbili. Nimeshaweka chumba kile kile, jina limeandikwa kwenye kitabu nimeliona kwa macho yangu.

---

Kijukuu cha Loleza

Asee nimefurahi utadhani nimeingia mimi kwenye ule usaili. Mpe mama pole nyingi. Na komeo la ndani lilikuwepo?

---

Mwali wa Tandala

Lilikuwepo kaka, tena jipya. Ila mama alisema yeye komeo la watu halijui, akaweka na ile ndoo nyuma ya mlango.